Oili ya kawaida kwenye Raum: kilomita 3,000, 5,000, au niangalie miezi?

mama_wa_kibada

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaojua magari, maana hapa kwetu kila mtu ana kilomita zake.

Nina Toyota Raum, ile ya toleo la pili, injini 1NZ-FE. Nimeinunua mkononi mwa mtu, siyo ya kutoka bandarini moja kwa moja. Odomita inasoma laki moja na themanini na kitu, kama ni za kweli anajua Mungu na aliyeniuzia. Naweka oili ya kawaida 20W-50 (hizo ni namba za unene), kopo la lita 4. Sintetiki nimeiulizia bei nikarudisha mkono mfukoni, mimi ni mwalimu.

Sasa fundi wangu wa hapa Kibada anasema nimwage kila kilomita 3,000 bila kujali inavyoonekana. Kibandiko alichokibandika yeye mwenyewe kwenye kioo kimeandikwa 5,000. Shemeji yangu ana Noah, anasema mafundi wanatafuta hela ya kula tu, yeye anakwenda mpaka 7,000 na gari inadunda. Kijana wa dukani nilikonunua filta mara ya mwisho naye akaniambia, "mama, ikishakuwa nyeusi tu, mwaga."

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba gari yangu haitembei. Nyumbani hadi shuleni ni kama kilomita 4, nusu yake vumbi. Jumamosi sokoni. Mara moja moja navuka daraja kwenda Kariakoo, na huko ndiko nakutana na foleni. Kwa mwendo huu kufikisha 5,000 ni karibu mwaka mzima. Shemeji anasema oili haichachi, nisubiri tu kilomita zitimie. Ni kweli? Na huo weusi una maana gani? Yangu haikumaliza hata wiki mbili ikawa imeshabadilika rangi.

Mkitaka kunicheka nichekeni, ila mnijibu kwanza. Natanguliza shukrani.

---

spea_mkononi

Dada, 3,000 ndiyo mwisho wa maneno. Oili ni rahisi kuliko injini. Mengine porojo.

---

noah_ya_bara

Mimi niko na shemeji yako. Nina Noah SR40, injini 3S, kila wiki Dar–Dodoma kwenda na kurudi. Oili ya kawaida 15W-40, namwaga kwenye 7,500. Injini haijawahi kufunguliwa na haipulizi moshi. Watu wanamwaga oili nzima kabisa halafu wanalalamika maisha magumu.

---

mzee_wa_spana

Mwalimu, kwanza pole na shemeji.

Nimelala chini ya magari Temeke tangu enzi za Datsun 120Y na Peugeot 504, kwa hiyo nitajibu kwa urefu. Mwenye haraka aruke.

Hao wote wanaokushauri wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja kwa gari yake. Shida ni hiki kipimo chenyewe. Kilomita zinapima barabara. Oili haijui umetoka wapi unakwenda wapi, inajua injini imezunguka saa ngapi na ilikuwa na joto gani. Chukua huyo ndugu wa Noah hapo juu. Dar–Dodoma tuseme wastani wake ni 70 kwa saa. Kilomita 5,000 kwake ni kama saa 71 za injini kuzunguka. Sasa chukua mtu wa Mbagala anayekwenda Posta asubuhi na Barabara ya Kilwa, wastani wake ukifika 15 ashukuru. Kilomita 5,000 zilezile kwake ni saa 333. Vibandiko vyao vinasema kitu kimoja, lakini oili ya wa Mbagala imepigishwa kazi zaidi ya mara nne na nusu. Ford kwenye vitabu vya magari yao ya kazi wameliandika wazi: saa moja ya injini kunguruma gari ikiwa imesimama waihesabu kama maili 33, yaani karibu kilomita 53. Fikiria zile saa tunazokaa na AC inavuma pale Mtongani na odomita haijasogea.

Wewe foleni siyo ugonjwa wako mkubwa. Ugonjwa wako ni hizo kilomita 4.

Petroli ikiungua inatoa maji. Siyo matone, ni mengi: lita moja ya petroli inazaa karibu lita nzima ya maji, ila yanatoka kama mvuke kwenye eksozi. Sehemu ndogo ya huo mvuke, pamoja na petroli ambayo haikuungua, inapenya pembeni ya ringi za pistoni na kushuka kwenye oili. Ukienda Chalinze hakuna tatizo, oili inapata moto sawasawa, maji na petroli vinageuka mvuke, vinavutwa na valvu ya kupumulia ya injini, vinarudi kuunguzwa. Ukienda kilomita 4 unazima kabla oili haijapata moto. Na usidanganywe na geji ya joto, ile inapima maji ya rejeta, na maji yanawahi kupata moto kuliko oili. Umeshafika shuleni, geji iko katikati, huku chini kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, oili bado vuguvugu. Mchana gari inapoa, jioni hivyohivyo. Maji yanabaki, yanachanganyika na mabaki ya moshi, inakuwa asidi. Watengenezaji wanaweka dawa ya kuua hiyo asidi ndani ya oili, lakini dawa inakwisha, na inakwisha hata kama kilomita hazijafika popote.

Kwa hiyo shemeji yuko sahihi kuhusu oili iliyo kwenye kopo lililofungwa, hiyo inakaa miaka. Ikishaingia kwenye injini inayowashwa na kuzimwa kila siku safari fupifupi, inachakaa.

Kesho asubuhi kabla hujawasha, fungua kifuniko cha kujazia oili, pitisha kidole ndani yake. Ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, hayo ndiyo maji ninayosema. Usikimbilie kulia kwamba gasketi ya silinda hedi imekufa. Angalia maji kwenye rejeta: kama hayapungui na hayana mafuta juu, na kijiti cha oili chenyewe kinatoka na oili ya kawaida, basi ni safari fupi tu. Ukikuta kijiti nacho kimepakaa hiyo rangi na maji yanapungua, hapo mtafute fundi siku hiyohiyo na gari usiiwashe.

Kuhusu weusi. Oili ina sabuni ndani yake, kazi yake ni kung'oa masizi na kuyabeba yasigande kwenye chuma. Ikiwa nyeusi maana yake inabeba. Halafu injini ikimwagwa haitoki yote, kuna oili ya zamani inabaki kwenye njia ndogondogo, ndiyo maana ya kwako imebadilika mapema, hasa kama aliyekuuzia hakuwa mtu wa sevisi. Ya dizeli ndiyo usiseme, inakuwa nyeusi siku ileile. Ningemwaga kwa kuangalia rangi, wenye Hiace za 5L wangekuwa wamefilisika wote.

Ukitaka kipimo cha nyumbani kuna hiki. Injini ikiwa ya moto, chomoa kijiti, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe inayonyonya, ile ya kuchujia kahawa ni nzuri. Weka mahali tambarare usiku kucha. Oili yenye uhai inasambaa taratibu, katikati imekolea kidogo na rangi inafifia polepole kwenda nje. Oili iliyochoka inabaki doa jeusi katikati lenye ukingo mkali, haitaki kusambaa, kwa sababu ile dawa ya kubeba masizi imekwisha na masizi yameshikana. Ukiona duara la njano hafifu limekimbia mbali nje ya doa, hiyo mara nyingi ni petroli. Siyo maabara, lakini inashinda kuangalia rangi kwenye kidole.

Sasa namba. Toyota kule Japani kwa magari ya petroli yasiyo na tabo wanasema kilomita 15,000 au mwaka mmoja. Usishangilie. Hapohapo wanasema kwa matumizi magumu gawanya mara mbili: 7,500 au miezi 6. Na matumizi magumu wanayataja: barabara mbovu, na safari fupi za kurudiarudia, zisizozidi kilomita 8 kila moja. Wewe una 4 na vumbi juu yake. Kwa hiyo hata kwa Mjapani mwenyewe, kwenye lami yake, oili aliyoichagua yeye na injini mpya, ungekuwa kundi la miezi 6.

Kwa oili ya kawaida, injini yenye umri huo, vumbi la Kibada: kilomita 5,000 au miezi 6, kinachotangulia. Kwako mwezi utatangulia, odomita usiihangaikie. 3,000 sioni sababu, unless

---

mzee_wa_spana

Samahani, simu imetuma yenyewe. Nilikuwa nasema: 3,000 sioni sababu, labda kama injini ina historia ya matope ndani na unaisafisha pole pole, hapo mbili tatu za kwanza fupisha. Fundi wako siyo mwizi. Marekani kwa miaka mingi watu waliambiwa maili 3,000, ambazo ni kama kilomita 4,800. Nadhani njiani huku namba ikafika, maili zikabaki melini.

---

noah_ya_bara

Mzee nimekuelewa kwenye saa. Basi mimi 7,500 yangu ni saa mia na kidogo tu, ndiyo maana haisumbui. Naweza kusogeza hadi 10,000?

---

mzee_wa_spana

Bwana mdogo usinifanye nijute kukusifia.

Kwa mwendo wako 7,500 naikubali kwa shingo upande. 10,000 kwa oili ya kawaida sikubali, na sababu ni hii. Oili ya namba mbili, kama 15W-40 yako, inapata ule unene wa moto kwa kuongezewa nyuzi za kemikali ndefundefu. Gia, cheni na beringi zinazikatakata hizo nyuzi kila injini inapozunguka. Mwisho una oili iliyoandikwa 40 kwenye kopo lakini ndani ya injini imeshuka. Huku joto la mlima Dodoma ukiwa umepakia linaiunguza, na hiyo inafanya kinyume, inainenepesha na kuacha varnishi. Oili ya kawaida inavumilia joto kidogo kuliko sintetiki, hapo hakuna ujanja.

Na usifikiri Toyota haiwezi kuganda matope. Marekani, Camry na Lexus kadhaa za 1997 hadi 2002, injini 5S-FE na 1MZ-FE, ziligandisha oili ndani kiasi kwamba mwaka 2002 Toyota wakaongeza muda wa dhamana kwa tatizo hilo. Wakubwa walisema wateja hawakumwaga kwa wakati, wateja wakaja na risiti. Sitaki kuamua ile kesi, ninachosema ni kwamba 5S ni ndugu wa damu wa hiyo 3S yako.

Pima kijiti kila unapojaza tangi Dodoma. Injini nyingi nilizopokea zimenoki hazikufa kwa oili ya zamani. Zilikufa kwa oili pungufu. Mwenyewe anakuambia "lakini nilimwaga mwezi uliopita", sawa, ulimwaga, na ikaliwa yote, na hukufungua boneti. Ile taa nyekundu ya dumu la oili siyo ya kukuonya kwamba oili inapungua. Inawaka presha ikishaanguka. Ukiiona njiani zima hapohapo, usiseme nifike pale sheli.

---

boxer_wa_tegeta

Shikamoo mzee. Na sisi wa bodaboda je? Mimi nina Boxer, namwaga kila 1,500 hivi, wenzangu kijiweni wananiambia naharibu hela, wao 3,000. Na kuna jamaa anatumia oili ya gari 10W-30, ni bei nafuu.

---

mzee_wa_spana

Marahaba kijana. Endelea na 1,500, ukifika 2,000 usipitilize. Hesabu ni rahisi: pikipiki ina lita moja tu, gari ina karibu nne. Halafu hiyo lita moja inafanya kazi tatu, inalainisha injini, gia boksi na klachi, zote zimelala humo. Gia ndiyo zinazozikatakata zile nyuzi nilizosema kuliko kitu kingine chochote. Ongeza kwamba injini yako inapozwa na upepo, na wewe unakaa kwenye jua la Tegeta ukisubiri abiria huku inanguruma.

Oili ya gari mwambie aache. Hizi nyepesi za siku hizi nyingi zina dawa ya kupunguza msuguano, nzuri kwa gari, ila klachi ya pikipiki inaishi kwa msuguano. Itaanza kuteleza, injini inalia pikipiki haiendi, atanunua klachi pleti atalaumu Wahindi. Kwenye kopo atafute maandishi JASO MA au MA2. Yenye MB ni ya skuta za otomatiki, aiache.

---

probox_thika

Salamu kutoka Kenya. Nina Probox, injini ni hiyohiyo 1NZ. Mwalimu, jambo ambalo hawajakugusia ni filta. Nilikuwa nikiwasha asubuhi inapiga kelele mbele kwa sekunde mbili tatu, krrr, kisha inanyamaza. Mekanika mmoja akataka kunibadilishia cheni yote. Mwingine akatoa filta, akaiangalia, akasema hii ni bandia haina ule mpira wa kuzuia oili isirudi chini. Tukaweka ya Toyota, kelele ikaisha. Pesa ya cheni ilibaki mfukoni.

---

mzee_wa_spana

Huyo mekanika wa pili mnunulie soda.

Amesema kitu cha maana. 1NZ haina mkanda, ina cheni, na cheni yake inakazwa na tensheni inayosukumwa na presha ya oili. Usiku oili ikirudi yote kwenye sampo, asubuhi cheni inalegea mpaka presha ifike. Filta nzuri ina kijimpira ndani kinachozuia isirudi. Namba ya ile halali ni 90915-YZZE1. Ya bandia siku hizi ina boksi zuri kuliko halali, kwa hiyo usiangalie boksi. Chungulia kwenye yale matundu madogo ya pembeni, kalamu butu ikisukuma uone mpira unarudi wenyewe. Ukiona bati tupu au mpira mgumu uliokakamaa, rudisha.

Na VVT-i, ule mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, nayo inatumia oili hiyohiyo. Ile valvu yake ina kichujio kidogo cha wavu, kidogo kuliko ukucha. Matope yakianza, kinaziba hicho kwanza. Gari inakuwa nzito, inakunywa mafuta, watu wanabadilisha plagi, wanasafisha noseli, wanabadilisha sensa. Mlango umeziba kwenye oili.

---

mama_wa_kibada

Shikamoo mzee wangu. Wengine wote asanteni.

Nimetoka nje na tochi sasa hivi. Utando upo kwenye kifuniko, kidogo, rangi ileile uliyosema. Maji ya rejeta yamejaa na ni safi. Ila kijiti kimenishtua, oili iko kwenye alama ya chini kabisa. Nilimwaga miezi minne iliyopita na fundi alijaza mbele yangu mpaka juu. Chini pale inapoegeshwa hakuna doa. Imekwenda wapi?

Na jingine, nitajuaje oili siyo feki? Kuna siku nilinunua duka moja hapa, kopo zuri, lakini ilipomiminwa ilikuwa nyepesi mno na ina harufu ya kuungua. Fundi akasema ni kawaida.

Na mwisho, nibaki na 20W-50 au nishuke?

---

allion_ya_mbezi

Dada ikiliwa usiogope, mimi Allion yangu ya 1ZZ inakula mpaka nimeizoea. Natembea na nusu lita kwenye buti.

---

mzee_wa_spana

Allion ya 1ZZ kaa kando kidogo, ya kwako ni habari nyingine. Zile 1ZZ za mwanzo pistoni zake zina matundu madogo mno ya kurudishia oili, yanaziba, ringi zinaganda, oili inapanda juu inaungua. Inajulikana dunia nzima. 1NZ haina ule ugonjwa wa kuzaliwa.

Marahaba mwalimu. Hesabu haijakamilika. Umejaza mpaka juu miezi minne iliyopita, lakini hatujui gari imekula kwa kilomita ngapi. Fanya hivi. Egesha mahali tambarare, injini ikiwa imetoka kutembea, zima, subiri dakika tano. Chomoa kijiti, kifute, kirudishe mpaka mwisho, chomoa tena, hapo ndipo usome. Ongeza oili robo lita, subiri, soma tena, mpaka karibu na alama ya juu. Usizidishe, oili iliyozidi inapigwa na kranki inatoa povu, na povu halilainishi kitu. Andika odomita kwenye karatasi ubandike karibu na kile kibandiko. Baada ya kilomita 1,000 pima tena.

Toyota kwenye vitabu vyao wanavumilia mpaka lita 1 kwa kilomita 1,000. Mimi sivumilii hivyo. Ikipungua robo lita kwa 1,000, injini ya umri huo iache iishi, wewe uwe unaongeza. Ikipita nusu lita, anza na kitu cha bei rahisi: ile valvu ya kupumulia juu ya injini. Ichomolewe, itikiswe, lazima iite kachakacha. Ikiwa kimya imeganda, na ikiganda oili inavutwa kuingia kwenye hewa na kuungua bila kuacha doa chini. Kama siyo hiyo, mweke mtu aangalie nyuma ya gari asubuhi unapowasha. Moshi wa bluu unaotoka mara moja tu na kuisha ni zile sili za valvu. Unaotoka kila ukikanyaga ni ringi. Sili ni kazi ya siku moja, ringi ni kikao cha familia.

Lakini elewa jambo moja hapa: ungefuata ushauri wa kusubiri 5,000 mwaka mzima, ungefika huko na oili ya nusu. Kumwaga kila miezi 6 ni sawa. Kupima kijiti kila Jumamosi ni muhimu zaidi.

Feki. Hiyo nyepesi yenye harufu ya kuungua siyo kawaida, hata kidogo. Kuna watu wanakusanya makopo matupu kwenye magereji, wanajaza oili iliyotumika iliyochujwa au ya bei ya chini, wanarudisha mfuniko. Usinunue oili ya kupima kwenye pipa. Nunua kwa wakala au sheli kubwa, omba risiti. Angalia ile pete ya mfuniko, ikatike mkononi mwako wewe, na chini yake kuwe na sili ya karatasi ya bati iliyoshika pande zote. Namba ya bechi iwe imechapwa kwenye plastiki yenyewe, siyo kwenye lebo tu. Soma pia API, yaani daraja la ubora wa oili: SL au SN au SP ni sawa kwa Raum. Ukiona SF au SG hiyo ni teknolojia ya enzi zangu za Datsun. Na ukimaliza kumwaga kopo lako, litoboe msumari hapohapo kabla hujaondoka gereji. Fundi akinuna, umejua kitu.

Kopo la lita 4 kwenye 1NZ na filta inaingia kama lita 3.7. Hicho kinachobaki ni chako, chukua nyumbani ndicho utakachoongezea.

20W-50: kwa joto la Dar na injini yenye umri, baki nayo kwa sasa, hasa kama inapungua. Kama matumizi yangekuwa sifuri ningekuambia 10W-30, kwa sababu safari zako fupi zinataka oili inayofika juu haraka asubuhi, na VVT-i inaipenda nyepesi. Pima hizo 1,000 kwanza ndipo tuamue. Zile dawa za kusafisha injini unazomimina dakika kumi kabla ya kumwaga, achana nazo kwenye gari usiyoijua historia. Zinabandua matope yote kwa mkupuo, yanakwenda kuziba chujio la pampu.

Na ukiweza, mara moja kwa wiki mbili ipeleke mwendo mrefu, hata Kibada mpaka Kimbiji na kurudi, bila foleni, oili ipate moto utando uishe.

---

spea_mkononi

Mzee nimekubali. Ila 3,000 bado ni nzuri, haidhuru kitu.

---

mzee_wa_spana

Haidhuru injini. Inadhuru mshahara wa mwalimu.

---

mama_wa_kibada

Nimecheka peke yangu hapa. Nimempigia fundi, anakuja Jumamosi saa mbili asubuhi, kopo na filta nanunua mwenyewe. Hiyo valvu nimemwambia aje na ya kulinganisha. Oili chafu mama mkwe anaitaka apake nguzo za banda, kuna mchwa.

---

mzee_wa_spana

Nguzo sawa, ila isimwagike chini, Kigamboni wengi tunakunywa maji ya visima. Na asipake karibu na wanapolala kuku.

Jumamosi uwe pale anapofunga nati ya chini. Ni ya spana 14. Aweke washa mpya, afunge kwa mkono mmoja na spana fupi mpaka ikaze, basi. Ukimuona anaunga bomba ili apate nguvu, mzuie, maana nyuzi zikikatika kwenye sampo, hapo ndipo utaanza kuona doa chini ya gari.